Taa ya kale ya udongo iliyo makumbusho: mbona za kwangu zinavuja mafuta?

Nakku wa Kajjansi

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni mfinyanzi, nafanyia kazi hapa Kajjansi, barabara ya kwenda Entebbe. Udongo nautoa kinamasini, ule mweusi unaonata, nauchanganya na vigae vilivyosagwa kama ssenga, shangazi yangu, alivyonifundisha. Mitungi ya maji, vyungu vya maharagwe, vyetezo, vyungu vya maua vya wenye nyumba za ghorofa, hivyo vyote natengeneza na sijawahi kurudishiwa.

Sasa nimepata oda ya hoteli moja ya kando ya ziwa. Wanataka taa ndogo za udongo za kuweka mezani jioni, za mafuta na utambi. Mishumaa hawaitaki. Meneja alinitumia kwenye simu picha ya taa iliyo katika jumba la makumbusho huko ng'ambo, akaniambia, "Nataka hivihivi." Maelezo ya chini ya picha hayajazi hata mstari: taa ya mafuta, udongo wa kuchoma, Asia ya Kusini-Mashariki, ya kale. Basi. Mji gani, kaburini au hekaluni, karne ya ngapi, kimya.

Nimeikuza ile picha mpaka simu ikapata moto. Ni kibakuli cha kuenea kiganjani, kitako bapa, ukingo umeinamishwa ndani kidogo, na upande mmoja udongo umevutwa ukawa mdomo wa kulazia utambi. Ndani ya mdomo kuna weusi. Rangi ni ya udongo mwekundu uliopauka, ila upande wa mdomo umekolea kahawia kuteremka mpaka chini kabisa. Na pale mdomo unapoanzia, kulia na kushoto, kuna vibonyeo viwili, cha kidole gumba na cha kidole cha shahada. Huyo mtu aliubana udongo palepale ninapoubana mimi.

Umbo halikunisumbua. Mafuta ndiyo yanayonitia hasara. Natia ya alizeti, nawasha, mwali unasimama vizuri, nafurahi. Asubuhi nakuta mafuta yamechora duara mezani, na taa yenyewe ukiishika inateleza mkononi. Hoteli inatandika vitambaa vyeupe. Mnaona ninapokwama.

Swali langu ni hili: hao watu wa kale walitumia dawa gani? Mimi nachoma juu ya ardhi kwa nyasi na makapi ya kahawa, tanuri la moto mkali sina. Ile rangi ya kioo wanayopaka vikombe vya dukani siijui, na siwezi kwenda kujifunzia kwenye oda ya mtu. Halafu meneja anauliza kama wanaweza kutia mafuta ya taa, maana ya alizeti anasema ni ghali. Nisaidieni, advansi yao nimekwisha kula.

Salim Kisenyi

Dada Nakku, wapelekee tadooba tu. Kopo la maziwa, tundu juu, utambi wa shuka kuukuu, kazi imekwisha. Wageni wataipiga picha kuliko hicho kibakuli 😂

Nakku wa Kajjansi

Kaka Salim, tadooba ndiyo iliyonisomesha mpaka P7, masizi yake nayajua kwa pua. Hawaitaki.

Mzee wa Bombo

Binti yangu, mimi ni mstaafu, naishi hapa Bombo. Kazi yangu ilikuwa ya maabara, na vigae vya Ntusi na vya Munsa, makazi ya kale ya hapa Uganda, vimenipitia mikononi kwa magunia. Kwa hiyo nitaandika kirefu, mwenye haraka apite.

Kwanza, nani kakuambia ile ya makumbusho haikuvuja? Taa ambayo haijatiwa mafuta tangu enzi za mababu wa mababu haiwezi kulowesha meza ya mtu. Itazame tena picha yako. Ule ukahawia uliokolea ni nini kama si mafuta? Udongo unaochomwa juu ya ardhi hupata moto wa nyuzi 600 mpaka 900 hivi, tena hupanda na kushuka upepo unavyotaka. Kwa moto huo chembe za udongo hushikana tu, haziyeyuki, na kati yake hubaki vinjia visivyoonekana kwa jicho. Vinjia hivyo huja kuzibika vyenyewe kwenye nyuzi kama 1,200, tena kwa udongo unaoustahimili moto huo. Wa kinamasi chako cha Kajjansi utajikunja na kuanguka kabla ya kufika huko. Kwenye mtungi wa maji vinjia ni neema: maji hupenya kidogo kidogo, hukauka nje, mtungi unapoa. Kwenye taa ni hasara. Lakini udongo ni uleule, nawe huwezi kuuambia leo vuja, kesho usivuje.

Tena hicho unachokionea aibu ndicho kinachowapa watu wa makumbusho ujasiri wa kuandika neno "taa". Huko Asia ya Kusini-Mashariki vyombo vya udongo vyenye mdomo ni vingi. Kuna kendi, chombo cha kumiminia maji, kimezagaa kuanzia Thailand hadi visiwa vya Indonesia. Kikivunjika ukabaki na mdomo na kipande cha tumbo, utajuaje kilikuwa nini? Utatafuta masizi. Chombo cha maji hakiungui mdomoni. Halafu utatafuta mafuta, maana yakishaingia ndani ya ukuta wa chombo hayatoki kirahisi, hata kikae ardhini karne nyingi. Unasaga kipande kidogo, unayatoa mafuta kwa dawa ya kuyeyushia, unayapitisha kwenye mashine inayotenganisha asidi mojamoja. Nazi hujulikana kwa asidi ya lauriki, imejaa tele. Nyonyo ina asidi yake ya risinoleiki ambayo ni shida kuipata kwingine kwa wingi huo. Mafuta ya mnyama huacha kolesteroli. Ndiyo maana sisi tulikatazwa kugusa upande wa ndani wa kigae kwa sabuni. Wapo watunza vitu wa zamani waliosugua vyombo mpaka vikatakata, na habari zote zikaenda na maji machafu.

Kuhusu dawa: siri ya ajabu hapakuwa. Mitungi mikubwa huko huipiga. Mkono mmoja ndani umeshika jiwe au kifundo cha udongo mkavu, mwingine nje na kibao, ukuta unakuwa mwembamba na kushikana barabara. Kazi hiyo ingali hai vijijini Thailand na Ufilipino. Wakalinga wa kaskazini mwa Ufilipino hupaka utomvu wa mti kwenye chungu kikiwa bado na joto la kuchomwa. Wewe kwa taa usijaribu utomvu, mafuta ya moto yataulainisha. Shika kokoto laini, sugua udongo ukiwa umekauka nusu, ndani na nje, mpaka ung'ae. Wafinyanzi wa Kabaka, mfalme wa Buganda, walisugua hivyo na kuongeza grafaiti, ndiyo maana vyungu vya ikulu vilikuwa vyeusi vya kumetameta. Uvujaji utapungua. Kwisha hautakwisha.

Muuguzi wa Arua

Nilipofika kwenye "mafuta ya taa" niliweka kijiko chini. Dada Nakku, hapo usiseme "labda", kataa. Nafanya kazi wodi ya majeraha ya moto.

Mafuta ya kupikia hayashiki moto bila utambi. Ukitaka mvuke wake uwake, lazima uyapashe zaidi ya nyuzi 250. Mafuta ya taa yanaanza kutoa mvuke unaoshika moto kwenye nyuzi 38 au 40 hivi, yaani joto la kibakuli kilichokaa karibu na mwali wake chenyewe. Tena ni mepesi. Kama alizeti nzito inapenya ukuta wako usiku kucha, hayo yatapenya upesi zaidi. Taa itakuwa imelowa nje, mtoto wa mgeni aigonge, na moto hautakuwa kwenye utambi tena, utakuwa kwenye taa nzima na kitambaa cha meza. Mwandikie meneja kwa maandishi, na kwenye risiti uandike: mafuta ya kula peke yake.

Mwanafunzi wa Kitante

Mzee wa Bombo, kwa heshima zote, naomba niongeze mawili na nikupinge kidogo.

La kwanza ni hilo umbo. Mwaka 1927, kwenye kijiji kiitwacho Pong Tuk, magharibi mwa Thailand, ilifukuliwa taa ya shaba nyeusi ambayo si ya huko kabisa. Ilitengenezwa pande za Bahari ya Mediterania. Kifuniko chake kina sura ya Silenus, yule mzee mlevi wa hadithi za Wagiriki. George Coedès, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Bangkok, aliandika habari zake, na sasa iko Makumbusho ya Taifa ya Bangkok. Umri wake umebishaniwa: wengine wanaipa karne za mwanzo baada ya Kristo, wengine wanaisogeza hadi ya 5 au ya 6. Vyovyote vile ilifika. Na kule Oc Eo, kusini mwa Vietnam, Louis Malleret alipochimba mwaka 1944 alipata medali ya dhahabu ya Kaisari wa Roma, Antoninus Pius, ya mwaka 152. Bidhaa zilikuwa zikisafiri. Kwa hiyo taa ya udongo yenye mdomo, kutoka pande hizo, mimi naiona mfinyanzi wa Dvaravati aliyeona taa ya mgeni akaiga kwa udongo wake. Dvaravati ndiyo ile dola, au miji, iliyokuwa katikati ya Thailand kati ya karne ya 6 na ya 11 hivi. Dada Nakku anafanya kitu hichohicho sasa hivi, ila yeye ameiona kwenye simu.

La pili ni lebo, na hapa sina utani. "Asia ya Kusini-Mashariki" ni nchi kumi na moja. Taa iliyochimbwa na mtu mwenye daftari huja na kijiji chake, kina chake, na vitu ilivyolala navyo. Taa inayokuja na jina la nusu bara, mara nyingi imepita dukani kwanza. Ban Chiang, kaskazini-mashariki mwa Thailand, vyungu vyake vya kale vilipopata umaarufu watu walichimba mashamba yao wenyewe, vikauzwa nje kwa wingi. Mwaka 2008 maafisa wa serikali ya Marekani waliingia katika majumba kadhaa ya makumbusho California kukagua vyombo vya aina hiyo. Na wafinyanzi wenye mikono myepesi huko wakaona biashara, wakatengeneza vya kufanana, vikauzwa kama vya kale.

Sisi Uganda tuna kinyume chake. Kichwa cha Luzira, sanamu ya kale ya udongo kama taa hii, tunakijua kilima chake, tunaujua mwaka, 1929, tunajua ni wafungwa waliokiibua wakichimba. Habari zote tunazo, kichwa chenyewe kiko London. Vile vitu 39 vya kwetu vilivyoletwa kutoka Cambridge mwaka 2024 angalau unapanda teksi hadi Kitante, kwenye Makumbusho ya Uganda.

Mama Lira

Nakku mwanangu, nimesoma wasomi wote, nao wanajua mambo. Lakini hakuna aliyekuuliza hilo duara mezani liko upande gani wa taa.

Sisi nyumbani tulikua wakati mafuta ya taa hayapatikani madukani hata ukiwa na pesa. Mama yetu alikuwa akiwasha moyao, mafuta ya mbegu za mti wa shea. Alichukua kitako cha chungu kilichovunjika, akatia mafuta, akasokota pamba ya shambani kwenye paja, akailaza ukingoni. Moyao ya kwetu ni laini, haigandi kama ile ya Afrika Magharibi, jioni ya joto inakuwa mafuta tu. Na mama alikuwa na ugomvi mmoja na sisi watoto: tusiuvute utambi ukatokeza sana. Ukitokeza na kuning'inia nje, unafanya kazi ya mrija. Unanyonya mafuta ndani, unayashusha nje, tone kwa tone, mwali ukizimwa ndiyo kabisa, maana hakuna kinachoyachoma. Asubuhi chombo kikavu na mkeka umelowa.

Sasa soma ulichoandika mwenyewe: ile ya makumbusho ukahawia wake uko upande wa mdomo, unateremka hadi kitakoni. Kama ni ukuta uliotoka jasho, si ungelowa pande zote? Huo ni utambi. Mwenye taa alikuwa mvivu wa kuurudisha ndani, au alilala kabla ya kuzima. Nimemcheka nikiwa jikoni peke yangu.

Fanya hivi. Chukua taa mbili za choma moja. Ya kwanza tia mafuta bila utambi, ifunike. Ya pili tia mafuta na utambi, iwashe, izime unapokwenda kulala. Asubuhi zitakuambia.

Na dawa ya ukuta ni hii, ya jikoni. Paka alizeti nyembamba kabisa ndani na nje, futa mpaka uone kama hakuna kitu, weka kwenye oveni au juu ya makaa yaliyopoa kiasi, ipate joto mpaka harufu ibadilike. Iache ipoe, rudia. Ni kama karai jipya la chuma unavyolikomaza kabla ya kukaangia. Alizeti inafaa kwa kuwa ikipata moto inakauka na kunata, inaziba. Moyao na nazi hazikauki, utapaka mpaka Krismasi.

Utambi tumia pamba, usitumie uzi wa dukani wenye nailoni, unayeyuka na kunuka. Pamba mbichi ninayo.

Mzee wa Bombo

Mama Lira umekuja na jicho. Jasho la ukuta lipo, kokoto asiiache, ila hilo doa la upande mmoja nakubaliana nawe ni la utambi. Ukitembelea makumbusho yoyote angalia taa za udongo kwa chini, watu huangalia juu tu.

Kijana wa Kitante, taa yako ya Pong Tuk naiheshimu, lakini usimpelekee Mrumi kila kitu. Bakuli lililobanwa ukingo likapata mdomo wa utambi lilikuwako Mashariki ya Kati zaidi ya miaka elfu moja kabla Roma haijaanzishwa. Uhindi wanawasha vibakuli vya udongo mpaka leo kwenye Diwali, na huyo mfinyanzi wa Dvaravati alikuwa na mengi zaidi na Wahindi kuliko na Warumi: dini, maandishi, shanga. Au hakuona ya mtu. Kibakuli, mafuta, utambi unaoelea na kuzama kila mara. Siku moja mtu anabana ukingo ili utambi utulie. Hilo linaweza kuzuka Kajjansi bila kuiuliza Bangkok. Taa ya shaba ina kifuniko na mkono wa kushikia. Ya Nakku haina hata kimoja.

Umri, kama makumbusho wangetaka, wangeupata bila kujua kijiji. Chembe za kwatzi, aina ya madini, zilizomo kwenye udongo hukusanya nishati ya mnururisho wa ardhini, mwaka hadi mwaka. Moto wa mfinyanzi huifuta yote, hesabu inaanza upya. Maabara wakitoboa unga kidogo kitakoni na kuupasha, unatoa mwanga hafifu, na wingi wa mwanga ndio wanaougeuza kuwa miaka. Hitilafu yake si ndogo, lakini kutofautisha cha karne ya 8 na kilichochomwa juzi inatosha. Kijiji ndicho hakirudi.

Nakku wa Kajjansi

Nimerudi, na shukrani zangu kwenu wote.

Nilifanya jaribio la Mama Lira. Asubuhi, taa ya bila utambi ilikuwa na unyevu kitakoni, ukiweka gazeti linapata doa dogo la kung'aa. Ya utambi ilikuwa na dimbwi mbele ya mdomo, nyuma pakavu. Yaani muda wote huo nilikuwa nikipigana na ukuta, na mwizi anapitia mlangoni. Nikarudi kwenye picha nikaikuza tena, safari hii mdomo peke yake. Mdomo wake umeinuka! Si sana, labda unene wa kidole juu ya ukingo, lakini umeinuka, na kwa ndani una mfereji unaorudi tumboni. Wangu niliuvuta ukalala moja kwa moja na ukingo, kwa sababu kwenye picha, ilivyopigwa kwa juu, ndivyo unavyoonekana.

Basi nimebadilisha. Mdomo nauinua udongo ungali laini, kisha nakokota kijiti ndani kupata mfereji. Utambi wa pamba unaishia ndani ya mdomo, hautokezi hata kidogo. Mwali umekuwa mdogo, na masizi yamepungua pia. Kusugua nasugua kwa kokoto ya ziwani. Kunachukua muda kuliko kufinyanga kwenyewe, na hilo nimeliongeza kwenye bei. Alizeti ya kukomaza napaka juu ya makaa. Ukipaka nene inabaki inanata na vumbi lote la barabara ya Entebbe linahamia hapo, kwa hiyo ni kufuta na kufuta tena.

Bado gazeti linapata doa. Dogo, lakini kitambaa cheupe ni kitambaa cheupe. Kwa hiyo kila taa inakwenda na kisahani chake, udongo huohuo, ukingo mfupi. Meneja alinuna kwanza, akasema kwenye picha hakuna kisahani. Nikamwambia kwenye picha hakuna mafuta pia. Akacheka, akakubali, akaomba punguzo, sikutoa.

Mafuta ya taa nimemwandikia kama Muuguzi alivyosema. Alinipigia kuuliza kama yakichanganywa nusu kwa nusu je. Nikampa namba ya mpwa wangu anayeuza alizeti ya jumla kutoka Lira, mazungumzo yakaishia hapo.

Mama Lira, pamba mbichi naitaka. Basi la Lira likifika Kampala nitatuma mtu stendi, unitumie kiasi gani cha pesa nilipe?

Mama Lira

Kilo moja itakutosha oda nzima na kubaki. Pesa tutaongea inboksi, hapa Salim anasoma.

Salim Kisenyi

Nasoma kweli 😂 Lakini mama, kisahani kinauzwa peke yake?

Mwanafunzi wa Kitante

Dada Nakku, ombi moja kabla hujazichoma zote. Chora alama yako chini ya kitako kwa kijiti, na "Kajjansi" na mwaka, udongo ukiwa bado mbichi. Usiandike kwa rangi baada ya kuchoma, rangi inafutika kwa dawa ya kuyeyushia kidogo tu. Wageni wa hoteli watabeba taa zako, zingine kwa kununua na zingine kwenye mkoba wakati mhudumu hayupo. Zimesuguliwa, zimeungua mdomoni, zimelowa mafuta, umbo limetoka kwenye kitu cha makumbusho. Sokoni mtandaoni mtu ataiandikia "Asia ya Kusini-Mashariki, ya kale" bila hata kupepesa macho.

Nakku wa Kajjansi

Meneja alishasema hataki maandishi, yanaharibu ukale. Lakini kitako ni changu, na kisahani kitakifunika. Naanza kuchora leo jioni, zilizokwisha kukauka zitabaki bila alama, ni chache na hizo nitazitumia nyumbani.